Kimbunga kilitangazwa Mtwara, kikatua Msumbiji: kompyuta za hali ya hewa hukokotoa nini?

Aprili 25, 2019 shule za Mtwara zilifungwa na wakazi wa mabondeni na ufukweni wakaambiwa wahamie sehemu salama. Kimbunga Kenneth kilikuwa njiani. Jioni ya siku hiyo kikatua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, karibu kilomita 200 kusini mwa mji wa Mtwara. Huku tukasalimika. Tangu hapo, onyo lolote likitolewa, hutakosa mtu kijiweni wa kusema, "Si ndivyo walivyosema kwenye Kenneth?"

Mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja Hidaya. Hicho kilifika kweli, kikatua Mafia Mei 4 kikiwa kimeshapungua nguvu, lakini barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga na Mikereng'ende. Basi mkanganyiko ukaongezeka: kile kikubwa hakikutugusa, na hiki kilichoambiwa kimedhoofika kikatukatia barabara.

Juu ya hayo zimeongezeka habari za akili mnemba inayotabiri hali ya hewa ya siku 15 kwa dakika chache. Swali linalofuata ni la haki kabisa. Kama mashine zimefika huko, kwa nini Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) bado inaandika "uwezekano wa kutokea: wastani"?

Tuanze na maneno. Kimbunga ni mfumo mkubwa wa hewa inayozunguka kituo chenye mgandamizo mdogo, unaopata nguvu zake kutoka kwenye maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi. Katika Bahari ya Hindi upande wetu wa kusini-magharibi, dhoruba hupewa jina upepo wake wa wastani wa dakika 10 unapofika kilomita 63 kwa saa. Ikifika 118 inaitwa kimbunga kamili. Kuanzia 166 ni kimbunga kikali, na ikizidi 212 ni kikali sana. Kumbuka huo ni wastani. Dharuba za ghafla ndani yake huzidi namba hizo kwa theluthi au zaidi. Kituo cha kikanda kinachofuatilia dhoruba zote za eneo hili kipo kisiwa cha Réunion, na TMA ndiyo inayotoa maonyo kwa Tanzania.

Modeli ni programu ya kompyuta inayochukua hali ya hewa ilivyo sasa na kukokotoa itakavyokuwa baadaye. Matokeo yake ndiyo utabiri. Onyo ni kitu kingine: ni uamuzi wa watu waliosoma matokeo ya modeli kadhaa, wakapima nani anaweza kuumia, wakaamua kusema. Mtu anayelalamika kwamba "kompyuta ilikosea" na mtu anayelalamika kwamba "TMA walitutisha" wanalalamikia vitu viwili tofauti. Kwa Kenneth, nadhani lalamiko la pili ndilo lenye makosa zaidi, na sababu zake zipo kwenye hesabu.

Kimbunga hakijiendeshi. Ni kama kifuu cha nazi kilichotupwa Mto Ruvuma: kinazunguka kwa nguvu zake, lakini kinakokwenda kunaamuliwa na mkondo. Mkondo wa kimbunga ni upepo mpana unaokizunguka, kuanzia karibu na bahari hadi kilomita kadhaa juu. Kwetu mkondo huo unategemea sana eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa kusini, upande wa Madagaska na zaidi ya hapo. Likiwa imara, kimbunga husukumwa magharibi kuja pwani ya Afrika. Likidhoofika au kupasuka katikati, kimbunga hupata upenyo wa kukata kona kwenda kusini. Ndiyo maana vingi havifiki Tanzania: hupotelea Madagaska, kwenye Mlango Bahari wa Msumbiji, au baharini huko huko.

Kwa kuwa mkondo huo ni mpana kiasi cha maelfu ya kilomita, kompyuta huuona vizuri. Kwa hiyo njia ya kimbunga hutabirika kuliko nguvu yake. Lakini "hutabirika" ina mipaka, na mipaka hiyo unaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu. Chukua kimbunga kilicho kilomita 1,000 kutoka pwani. Uelekeo wake ukipishwa kwa nyuzi 11 tu kati ya nyuzi 360 za duara, mahali pa kutua panahama kwa karibu kilomita 200. Kilomita 200 ndio umbali wa Mtwara na pale Kenneth kilipotua. Kimbunga kikitembea kilomita 15 kwa saa, hizo kilomita 1,000 ni safari ya siku mbili na saa 19. Kwa hiyo anayetakiwa kuamua kufunga shule na kuhamisha watu anaamua wakati kosa dogo hivyo la uelekeo bado linawezekana kabisa. Akisubiri uhakika, kimbunga kitakuwa kimeshafika mlangoni. Hata bahari ya Atlantiki, ambako Marekani hutuma ndege kuingia ndani ya kimbunga na kupima, kosa la wastani la njia siku tatu kabla bado linazidi kilomita 100. Huku kwetu hakuna ndege hizo.

Sasa jambo ambalo taarifa nyingi hulipita haraka, nalo ndilo linalofafanua tofauti ya 2019 na 2024. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Chora duara kwenye karatasi, weka mishale inayofuata saa, kisha chora pwani yetu ikitazama mashariki. Utaona kwamba upande wa kaskazini wa kituo cha kimbunga upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Upande wa kusini unatoka baharini kuja nchi kavu, ukibeba mvuke na kusukuma maji ufukweni.

Kenneth kilipita kusini yetu, hivyo Mtwara ilikuwa upande wa kaskazini, upande ambao upepo unasukuma bahari mbali na ufukwe, na tena mbali na kituo. Hidaya kilitua Mafia, kaskazini yetu. Kilwa, Somanga na Lindi zikabaki upande wa kusini, zikipokea hewa yenye unyevu moja kwa moja kutoka baharini. Ndiyo sababu kimbunga kilichodhoofika kiliweza kutuletea mafuriko mazito kuliko kile kikali kilichopita kusini yetu. Madaraja ya kimbunga yanapima upepo peke yake. Hayasemi lolote kuhusu mvua, na dhoruba iliyopungua nguvu ikitembea polepole inaweza kumwaga maji mengi kuliko kimbunga kamili kinachopita mbio.

Kwa hiyo ukisikia kimbunga kinaelekea pwani yetu, swali la kwanza la kuuliza si "daraja gani?" Uliza kituo chake kinatarajiwa kupita kaskazini au kusini ya ulipo. Aliye Kilwa Masoko na aliye Msimbati, huko Mtwara, wanaweza kusikia taarifa moja na ikawa na maana tofauti kwao. Na kwa sababu njia inaweza kuhama kilomita 200, aliyeambiwa yupo upande salama siku tatu kabla anaweza kujikuta upande mbaya.

Wapo wanaosema pwani hii haina historia ya vimbunga na kwamba haya mambo ni mapya. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi na watu 34 wakapoteza maisha. Ni nadra, kweli, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayosaidia hewa kujiviringisha ni ndogo, na chini ya nyuzi 5 za latitudo vimbunga karibu havizaliwi kabisa. Mtwara na Lindi zipo kwenye nyuzi 10. Hapo ni mpakani, hapajafungwa.

Turudi kwenye kompyuta. Njia ya zamani, ambayo bado ndiyo uti wa mgongo, inafanya kazi hivi. Dunia yote inagawanywa kwa miraba, na juu ya kila mraba hewa inakatwa kwa matabaka. Katika Kituo cha Ulaya cha utabiri (ECMWF), ambacho kompyuta zake kuu zipo Bologna, Italia, mraba una upana wa takriban kilomita 9. Kila kisanduku kinapewa namba za kuanzia: joto, unyevu, mgandamizo, upepo. Namba hizo zinatoka kwenye setilaiti, mashine za kwenye meli na ndege za abiria, maputo yanayorushwa angani, na vituo vya ardhini. Kisha sheria za fizikia za mwendo wa hewa na joto zinakokotolewa kisanduku kwa kisanduku, dakika chache mbele kwa kila hatua, mpaka zifike siku 10 au 15.

Shida ipo kwenye namba za kuanzia. Bahari kati ya Komoro na Mtwara haina vituo vya kupimia. Setilaiti huona mawingu kutoka juu, na wataalamu hukadiria nguvu ya upepo kwa kutazama umbo la mawingu hayo, mbinu iliyobuniwa na mtaalamu wa hali ya hewa Vernon Dvorak miaka ya 1970. Rada ya TMA iliyopo Mtwara inasaidia mfumo ukikaribia, lakini dunia ni duara: mwali wa rada ulioinuliwa kwa nusu nyuzi unakuwa juu ya kilomita 4 ukifika umbali wa kilomita 200. Unaona tumbo la mawingu, hauoni upepo unaogusa maji.

Na namba ikikosewa kidogo mwanzoni, kosa linakua. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aligundua hili mwaka 1961 alipoiingizia kompyuta 0.506 badala ya 0.506127 ili kuokoa muda. Baada ya muda hali ya hewa ndani ya kompyuta ikawa nyingine kabisa. Vituo vya utabiri vimekubali ukweli huo na kuutumia. Badala ya kukokotoa mara moja, ECMWF hukokotoa mara 51: mara moja kwa namba zilivyo, na mara 50 ikibadilisha kidogo namba za kuanzia ndani ya kiasi ambacho vipimo vinaweza kuwa vimekosea. Njia 51 zikiishia karibu karibu, wataalamu wana imani. Zikitawanyika kama mizizi, wanajua hali bado ni tete.

Hapo ndipo inatoka ile "asilimia" na ile koni inayochorwa mbele ya kimbunga. Koni inaonyesha eneo ambalo kituo cha kimbunga huenda kikapita. Kwa koni ya Marekani, inachorwa ili kituo kiangukie ndani yake mara mbili katika kila tatu, maana yake mara moja katika tatu kinatoka nje. Watu wengi huisoma kama ukubwa wa kimbunga na kudhani aliye nje ya koni yupo salama. Mvua na upepo huweza kuenea kilomita mia kadhaa nje ya mstari wa kituo, na koni haionyeshi hilo hata kidogo.

Akili mnemba imeingia mlango mwingine. Modeli hizi hazikokotoi sheria za fizikia. Zinapewa kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima kwa miongo kadhaa, iliyopangwa vizuri kwa saa, na zinafundishwa jambo moja: ukiona hali ya sasa na ya saa 6 zilizopita, kisia ya saa 6 zijazo. Kila zikikosea zinarekebishwa, mara nyingi mno, mpaka makosa yapungue. Kisha utabiri wa saa 6 unarudishwa ndani kuwa mwanzo wa saa 6 nyingine, na hivyo hivyo mpaka siku 10.

GraphCast ya Google DeepMind, iliyotangazwa kwenye jarida la Science Novemba 2023, ilifundishwa kwa kumbukumbu za 1979 hadi 2017. Inagawa dunia kwa zaidi ya nukta milioni moja, kila nukta ikiwa na matabaka 37 ya hewa, hivyo kila hatua inatoa namba zaidi ya milioni 200. Utabiri wa siku 10 unakamilika chini ya dakika moja kwenye mashine moja, kazi ambayo njia ya zamani huhitaji kompyuta kuu kwa muda wa saa nzima hivi. Mwaka huo huo kampuni ya Huawei ya China ilitoa Pangu-Weather kwenye jarida la Nature. Desemba 2024 ikaja GenCast, inayotoa matokeo mengi tofauti kwa siku 15, kila moja kwa dakika 8. Februari 25, 2025 ECMWF yenyewe ikaanza kutumia rasmi modeli yake ya akili mnemba, AIFS, sambamba na ile ya fizikia.

Kwenye njia ya kimbunga, modeli hizi zimefanya vizuri kweli. ECMWF imeripoti kwamba kwa baadhi ya vipimo, ikiwemo njia za vimbunga, AIFS inaizidi modeli ya fizikia kwa hadi asilimia 20. Hilo si dogo. Hata hivyo, kuna mambo matatu yanayoziangusha, na msomaji wa Mtwara au Lindi anayahitaji kuliko sifa zote hizo.

La kwanza ni ukubwa wa mraba. Nyingi zinatumia mraba wa kilomita 28 hivi. Mraba mmoja unaweza kumeza Mtwara mjini, Mikindani na Naliendele kwa pamoja na kuvipa namba moja ya upepo. Upepo mkali kuliko wote wa kimbunga upo kwenye pete nyembamba kuzunguka jicho, na jicho zima linaweza kuwa na upana wa kilomita 30. Huwezi kulichora jicho hilo kwa kalamu yenye ncha ya kilomita 28.

La pili ni namna zilivyofundishwa, na hapa panahitaji utulivu kidogo. Modeli nyingi za mwanzo ziliadhibiwa kwa kosa lililozidishwa kwa lenyewe, yaani kosa kubwa linaadhibiwa vikali mno. Sasa fikiria modeli haina hakika kama kimbunga siku ya saba kitakuwa mkabala na Kilwa au mkabala na Mtwara. Ikichagua Kilwa na kikawa Mtwara, inapata adhabu mara mbili: imeweka upepo mahali hapana, na imekosa upepo mahali upo. Njia ya kukwepa adhabu ni kuweka upepo wa wastani kote kuwili. Kwa hiyo kadiri siku zinavyosogea mbele, vimbunga vyake vinapanuka na kulegea. Njia inabaki nzuri, lakini kasi ya upepo inatoka ndogo kuliko ukweli. Mtu akikutumia picha ya modeli ya akili mnemba inayoonyesha upepo wa kilomita 70 kwa saa siku sita mbele, usiipokee hiyo 70 kama dari. GenCast na modeli mpya za aina yake zimejaribu kuondoa kasoro hii kwa kutoa matokeo mengi yaliyo makali, kila moja likiamua upande wake, badala ya wastani mmoja uliolegea. Modeli ya vimbunga iliyomo kwenye Weather Lab, tovuti ya majaribio iliyofunguliwa na Google Juni 2025, imefundishwa pia kwa rekodi za vimbunga vyenyewe ili kuboresha utabiri wa nguvu ya upepo. Lakini tovuti hiyo ni ya utafiti. Si mahali pa kupokea onyo.

La tatu, na wengi hawalijui: akili mnemba bado inategemea namba za kuanzia zinazotengenezwa na mfumo ule ule wa zamani wa setilaiti na fizikia. Mwanzo ukikosewa, nayo inakosea, tena kwa haraka zaidi.

Tofauti ya upepo wa 90 na wa 120 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Nenda kwenye paa. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kasi ikizidishwa mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 17 kwa kila mita ya mraba. Kwenye 90 ni karibu kilo 39. Kwenye 120 ni karibu kilo 69. Bati moja la mita 3 lenye upana wa sentimita 80 lina mita za mraba 2.4, kwa hiyo kwenye upepo wa 120 linaweza kuvutwa juu kwa nguvu ya kilo 160 hivi, na kwenye kingo za paa na pembeni mwa kofia huzidi. Nguvu hiyo inabebwa na misumari michache iliyopigwa kwenye papi. Bati likianza kuinuka upande mmoja, upepo unaingia chini yake, na msumari wa pili unapokea mzigo wa wa kwanza. Kwa hiyo mabati ya ukingoni ndiyo ya kukagua kabla, pamoja na papi iliyooza na misumari iliyolegea. Ya katikati yanaweza kusubiri. Mtabiri aliyekosea kwa kilomita 30 kwa saa hajafanya kosa kubwa kwa viwango vya taaluma yake, lakini kwa fundi paa hiyo ni karibu mara mbili ya mzigo.

Baharini kuna hesabu nyingine. Kila mgandamizo wa hewa unaposhuka kwa kizio kimoja cha hektopaskali, maji ya bahari hupanda kwa karibu sentimita moja. Mgandamizo wa kawaida ni kama 1013. Kenneth kilifika 934, hivyo chini ya kituo chake maji yalikuwa yamepanda karibu sentimita 80 kwa sababu hiyo peke yake, kabla ya kuongeza maji yanayosukumwa na upepo upande wa kusini. Kama maji hayo yataingia majumbani au la, inategemea sana saa. Pwani yetu bamvua ina tofauti ya mita kadhaa kati ya maji kujaa na kupwa. Kimbunga kikifika maji yamekupwa, ongezeko la mita moja linamezwa na ufukwe. Kikifika maji yamejaa siku za bamvua, mita hiyo hiyo inapanda juu ya kila kitu. Kwenye maji mafu hatari inapungua. Mwenye mashua Mikindani au Kilwa anaijua kalenda hiyo kichwani kuliko modeli yoyote, na anapaswa kuiweka kando ya taarifa ya TMA anapopanga kuvuta chombo.

Sasa hiyo "uwezekano wa kutokea: wastani". TMA hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi inatokana na mambo mawili kwa pamoja, yaani uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari likitokea, na yote mawili huandikwa chini ya taarifa. Jambo lenye uwezekano mdogo lakini athari kubwa linaweza kupata rangi sawa na jambo lenye uwezekano mkubwa na athari ndogo. Kwa hiyo rangi bila mistari ile miwili ni nusu ya habari. Picha nyingi zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hukatwa juu, mistari ikabaki nje. Hilo naliona kosa kubwa kuliko uvumi wenyewe.

Kuhusu kuiuliza programu ya simu inayojibu maswali kwa maandishi, "Je, kimbunga kinakuja Lindi?": hiyo ni akili mnemba ya aina nyingine, iliyofundishwa kuunga maneno. Haikokotoi hewa. Ikikujibu vizuri, imesoma taarifa ya mtu mwingine. Ikikosa taarifa, inaweza kutunga.

Programu za ramani za upepo, zile zenye rangi zinazotembea, zinatumia modeli halisi, na hakuna ubaya kuzitazama. Ila tazama vitu vitatu kabla ya kuamini picha. Kwanza jina la modeli, maana picha moja ni ya modeli moja na mara nyingi ni ya hesabu moja tu, siyo ya zile 51. Pili, ni siku ngapi mbele: kimbunga kinachoonekana siku ya 10 au ya 12 kwenye hesabu moja hutokea na kupotea mara kwa mara, na hesabu inayofuata huweza isikionyeshe kabisa. Tatu, saa ya hesabu yenyewe. Modeli kubwa huanza kukokotoa saa 6 usiku, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni kwa saa za kimataifa, ambazo kwetu ni saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Matokeo huchukua saa kadhaa kutoka. Picha ya juzi iliyotumwa leo ina njia ya kimbunga ambayo imeshakokotolewa upya mara nane.